Daktari Aliyeosha Madirisha

Riwaya ya Milan Kundera inayoitwa kwa Kiingereza The Unbearable Lightness of Being ilichapishwa mwaka 1984. Wengi huisoma kama riwaya ya mapenzi, na hawakosei, kwani Tomas na Tereza wanapendana na kuumizana hadi ukurasa wa mwisho. Mimi niliisoma kwa sababu nyingine. Tomas ni daktari wa upasuaji mjini Prague ambaye, akiwa mtu mzima wa makamo, anapoteza udaktari na kuishia kuosha madirisha. Mama yangu alikuwa mkunga hapa Uganda kwa miaka 22. Alipofika miaka 46 mgongo wake ulikataa, na leo anauza vitenge sokoni. Nilitaka kujua kama Kundera analielewa jambo hili. Maoni yangu ni kwamba anaelewa vizuri sana jinsi mtu anavyotolewa kazini, lakini anaharakisha anapofika kwenye kile kinachopotea.

Tuanze na ubora wake. Tomas aliandika makala iliyowalinganisha Wakomunisti wa nchi yake na Oedipus, yule mfalme wa tamthilia ya Kigiriki aliyejitoboa macho alipogundua uovu alioutenda bila kujua. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuivamia Chekoslovakia mwezi Agosti 1968, makala hiyo inageuka kuwa kosa. Mkuu wake hospitalini hamfokei. Anampenda, tena anataka Tomas amrithi cheo chake. Anachomwomba ni kuikana tu makala ile kwa maandishi.

Kabla Tomas hajaamua lolote, wenzake wanaanza kumtabasamia. Waliokwisha kukana maneno yao wanatabasamu kwa kuwa wamepata mwenzao katika woga. Wasiokana wanatabasamu kwa kuwa woga wake utaufanya ushujaa wao ung'ae zaidi. Makundi yote mawili yanataka aanguke. Sijasoma kwingine maelezo bora zaidi ya jinsi hospitali nzima inavyoweza kumsukuma mtu nje bila yeyote kumgusa. Tomas anakataa kukana, na sababu moja ni kwamba hawezi kuyavumilia matabasamu hayo.

Kutoka hapo anashuka ngazi kwa ngazi. Anafanya kazi katika kliniki ndogo ambako kila mgonjwa anapewa dakika chache, aspirini na cheti cha kupumzika. Kisha afisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani anamjia kwa maneno matamu na barua iliyokwisha kuandikwa, inayongoja sahihi yake. Tomas anaacha udaktari kabisa. Anajua kwamba akijishusha hadi chini, hawatakuwa tena na cha kumnyang'anya.

Hapa ndipo ninapogombana na mwandishi. Awali ametuambia kwamba Tomas alipogusisha kisu kwa mara ya kwanza kwenye ngozi ya mtu aliyelala kwa dawa, alihisi kama anamkufuru Mungu, na hisia hiyo ndiyo iliyomvuta katika upasuaji. Kazi hii ilitoka ndani yake, hakuipata kwa bahati. Lakini anapoiacha, anashtuka kwa siku chache tu, halafu tunaambiwa kwamba kuosha madirisha ni kama likizo ndefu. Saa zake za bure anazitumia kufuata wanawake. Nilipekua kurasa hizo nikiitafuta mikono yake. Mikono iliyozoea kisu inafanya nini inaposhika kitambaa na ndoo? Kundera, ambaye hupenda kusimama na kufikiri juu ya kila kitu, hapa hasimami.

Mikono ya Mama naijua. Siku moja mwanamke mjamzito alikuja kununua kitenge. Mama aliitazama miguu yake, akautazama uso, akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Akakikunja kile kitenge na kukirudisha mahali pake, akamwambia aende akapimwe presha leo hii, kitenge kitamngoja. Majirani sokoni bado wanamwita "musawo", jina ambalo sisi hapa humpa daktari, muuguzi na mkunga pia. Huitika vizuri, kisha hukaa kimya kidogo.

Kwa sababu ya ukimya huo nilirudia kusoma sehemu ambayo mwanzoni niliiona ya kuchekesha. Wagonjwa wa zamani wa Tomas wanapiga simu kwenye kampuni ya usafi wakimtaka yeye kwa jina. Akifika wanamfungulia chupa, wanasaini kwamba ameosha madirisha 13, kisha wanakaa kuzungumza naye. Hawa pia wanamwita "musawo" kwa namna yao. Mwandishi ameiandika vyema heshima ya wale wanaomwita, lakini hakutuambia jinsi inavyomchoma anayeitwa.

Mwishoni Tomas ni dereva wa lori kijijini. Tereza anajilaumu kwamba amemharibia maisha, naye anajibu kwamba hana wito wowote duniani, na kwamba kulijua hilo ni nafuu kubwa. Nilimsimulia Mama sehemu hii kwa Kiganda nikitarajia akasirike. Aliuliza, "Huyo daktari aliandika barua ya kuacha kazi yeye mwenyewe?" Nikajibu ndiyo. "Basi anaweza kufurahi, mwanangu. Mimi sikuulizwa."

Nadhani hapo Mama aligusa kasoro ya riwaya hii kuliko nilivyoweza mimi. Wepesi wa Tomas umetokana na neno "hapana" alilolisema kwa hiari. Aliyetolewa na mgongo hakupata wa kumkatalia. Kundera anatupa habari za daktari aliyelipwa kwa fahari yake, kisha anazungumza kana kwamba amesema juu ya kila anayepoteza wito.

Hata hivyo, ni lazima niseme ukweli wote. Baada ya kimya Mama aliongeza kwamba siku hizi analala usiku mzima, na kwamba tangu aanze ukunga hajawahi kulala hivyo. Nilikuwa nimetaka huzuni yake iwe safi, isiyochanganyika na nafuu yoyote. Hilo lilikuwa kosa langu, na riwaya hii ndiyo iliyonifanya nimuulize. Wanafunzi wenzangu, isomeni, hasa wenye mzazi aliyevua sare kabla ya wakati. Mkimaliza, muulizeni naye.