Breki Zinazolia na Breki Zinazokwaruza

Katika tafsiri ya mwongozo wa matengenezo ya gari iliyotufikia, mfasiri ametumia neno moja tu, "kelele", kwa kila sauti itokayo kwenye breki za nyuma. Hatukubaliani naye. Mafundi husema breki "zinalia" zinapotoa mlio mwembamba, na "zinakwaruza" chuma kinapokutana na chuma. Kulia mara nyingi hutokana na vumbi, au na brekishuu ambazo uso wake umeng'aa kwa joto. Kukwaruza ni dalili kwamba brekishuu zimekwisha na sasa dramu yenyewe inaliwa. Mwenye gari aliyeambiwa "kelele" huenda akapangusa vumbi, akaridhika, kisha akaushika mteremko wa Kitonga.

Kosa kubwa zaidi limo katika sentensi isemayo, "Paka breki grisi." Grisi istahimiliyo joto hupakwa kidogo, hasa pale ukingo wa brekishuu unapoegemea sahani ya chuma inayozibeba. Ikifika kwenye uso unaosugua dramu, breki haishiki. Hapa Kiswahili hakikupungukiwa na msamiati. Mfasiri hakujua kinachofanyika ndani ya gurudumu. Hata "viatu vya breki", alivyovibuni mwenyewe (navyo, tukiri, vilituchekesha), tungevivumilia laiti angetaja mahali pa kupaka.

Tunapendekeza ukurasa huo uondolewe, na mfasiri ashinde gereji siku moja kabla ya kuuandika upya.