Kila Mlio na Mahali Pake

Gari likianza kugonga chini, mwenyewe hulaumu shokomzoba. Ndilo jina analolijua, na ndicho kifaa atakachouziwa upesi dukani. Atanunua mbili, zifungwe, alipe, kisha kwenye shimo la kwanza mlio uko pale pale. Fundi mmoja wa Tarasaa, mwenye kivuli chake cha mwarobaini kando ya barabara iendayo Ngao, hashiki spana kabla hajausikia mlio kwa masikio yake, gari likitembea. Wateja wenye haraka hukasirika. Mimi naliheshimu jambo hilo la kusikiliza kwanza kuliko lolote jingine katika kazi yake, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Magari anayoyazoea ni Probox za abiria, pikapu za maembe, Land Cruiser zilizochoka na pikipiki zisizo na idadi. Safari hii aliletewa Subaru Impreza WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, gari la spoti lenye tabo, limekaa chini chini. Lilikuwa la kijana aliyetoka Mombasa kuja kuwaona wazazi wake. Alikuwa ameshaamua: anataka shokomzoba ngumu za mashindano, pamoja na springi fupi za kulishusha gari zaidi.

"Fundi, ya mbele kushoto imekufa. Niambie tu bei ya kufunga."

"Twende tukaisikilize kwanza, mwanangu," fundi akasema, akafungua mlango wa abiria.

Redio ilizimwa, feni ikazimwa. Buti ikafunguliwa, wakatoa jeki, spana ya magurudumu na chupa za maji, kwa sababu jeki iliyolegea hugonga vizuri kama shokomzoba mbovu, na imeshawapotezea watu fedha nyingi. Kisha gari likapitishwa polepole kando ya ukuta, vioo vikiwa wazi. Ukuta hurudisha sauti ya upande ule ulio karibu nao. Ukipita, ukageuka, ukarudi na upande wa pili, unajua mlio unatoka kushoto au kulia bila kulala chini ya gari. Ulikuwa kushoto, mbele, kama kijana alivyosema. Masikio yake hayakumdanganya. Alichokosea ni kilichokuwa kikilia.

Hapo likatafutwa tuta. Fundi alitaka gari lipande kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kimya. Akataka sasa lipite pembeni, gurudumu la kushoto peke yake lishuke kwenye kishimo. Ko-ko. Likarudiwa, ko-ko tena.

Stebilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ili gari lisilale upande kwenye kona. Magurudumu yakipanda pamoja, chuma hicho huzunguka chote kwa pamoja wala hakivutwi. Moja likipanda au likishuka peke yake, chuma hupindwa, na linki zinazokishikilia hubeba mzigo wote. Linki iliyolegea itagonga hapo na si penginepo. Kwa hiyo gari linalonyamaza kwenye tuta na kulia kwenye mashimo ya upande mmoja limeshataja nusu ya ugonjwa wake. Nusu nyingine haikisiwi, lazima iguswe.

Waliporudi kivulini, fundi aliweka kiganja juu ya springi ya mbele na kumwambia kijana azungushe usukani, gari likiwa limesimama. Kama beringi ya juu ya shokomzoba imeisha, springi hukwama, ikajipinda, kisha ikaruka kwa kishindo, na kiganja hukisikia kabla ya sikio. Haikuruka. Akalala chini, akaweka vidole viwili kwenye kiungo cha linki huku kijana akiitikisa bodi. Hapo hategemei tena sikio, maana mlio husafiri ndani ya chuma. Kiungo cha chini kinaweza kulia ukadhani ni dashibodi. Mkono haudanganywi hivyo. Raba ya linki ilikuwa imechanika na grisi yake imegeuka tope. Mafuriko ya Mto Tana ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliacha magari mengi ya huku na ugonjwa huo. Ufa mdogo kwenye raba unatosha: maji hupita yakienda zake, mchanga hubaki ndani ukisaga.

Bushi, zile raba za viungo, nazo zina kipimo chake, chupa ya maji tu. Raba inayokwaruza kwenye chuma ikimwagiwa maji hunyamaza kwa dakika chache. Unamwagia moja moja, unatikisa gari, na ile inayonyamaza ndiyo yenye kosa. Kwenye gari hili zote zilikuwa kimya tangu mwanzo, akapita.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilifuata, na haikuhusu mlio hata kidogo. Shokomzoba kazi yake ni moja: kuugeuza mruko wa springi kuwa joto. Pistoni husukuma mafuta mazito kupitia matundu madogo, mafuta hukataa, na nguvu iliyokuwa ikirusha gari huishia kuyapasha moto. Shokomzoba iliyo hai ikitoka barabara mbaya huwa na joto. Ile iliyokufa haikufanya kazi, kwa hiyo haina cha kuipasha. Walikuwa wamelipeleka gari kwenye vumbi na mashimo kwa mwendo wa kutosha, basi fundi akapita akiigusa kila moja kwa mgongo wa mkono, akilinganisha ya kushoto na ya kulia ya mhimili mmoja, si ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa moto wa injini na bomba la moshi hudanganya. Mbele zote mbili vuguvugu. Nyuma kushoto vuguvugu. Nyuma kulia baridi.

Ile iliyolaumiwa ilikuwa nzima, na iliyokufa ilikuwa upande wa pili kabisa wa gari, haijalalamika hata mara moja. Fundi alifuta vumbi kwenye mwili wa shokomzoba hiyo, akamwonyesha kijana mafuta yaliyotiririka mpaka chini yakashikana na udongo. Unyevu mwembamba karibu na sili si neno, ndio jasho la kawaida. Huu ulikuwa mkondo. Kubonyeza bodi kwa mikono na kuhesabu inaruka mara ngapi, kipimo ambacho kila mtu anakijua, hakuonyeshi kitu mpaka shokomzoba ife kabisa.

Kuchagua mpya ndiko kulikoleta mabishano, ya heshima. Shokomzoba za mashindano nyingi ni za silinda moja, mtindo uliobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kuingizwa kwenye magari ya Mercedes na kampuni ya Bilstein mnamo 1957. Ndani yake gesi ya naitrojeni imetengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, kwa hiyo mafuta hayafanyi povu hata yakipata moto. Za silinda mbili, ambazo magari mengi hutoka nazo kiwandani, hutoa povu zikipigwa muda mrefu kwenye vijimatuta vya barabara ya vumbi, na povu halizuii kitu. Ukisikia hayo unaweza kudhani mjadala umekwisha. Lakini kwenye Impreza hii shokomzoba ndiyo inayolisimamisha gurudumu, kwa hiyo hubeba pia nguvu za pembeni. Za silinda moja za kazi hiyo hugeuzwa juu chini, mwili mnene ukateleza ndani ya ala yenye grisi. Vumbi likiingia na grisi ikikauka, zinaanza kugonga. Kijana angenunua kwa bei kubwa mlio uleule aliokuja kuuondoa.

Kuhusu springi fupi fundi alikuwa mkali zaidi, na mimi niko upande wake. Springi fupi hupunguza nafasi ya gurudumu kupanda. Halafu ukiweka shokomzoba ngumu mno, springi hubonyezwa na shimo la kwanza, na kabla haijarudi shimo la pili limefika, na la tatu. Gari huzidi kuzama mpaka likalie raba za kuzuia, na kuanzia hapo ni chuma juu ya bodi. Magari ya spoti yalishinda barabara zetu kwa njia nyingine kabisa. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili 1974 na 1978. Magari yale yaliinuliwa, yakapewa nafasi ya magurudumu kupanda na kushuka. Kijana alisikiliza hadithi ya Mehta kwa makini kuliko alivyosikiliza habari za povu. Mwishowe wakakubaliana: silinda mbili za gesi za Kijapani, ugumu wa kiwandani, springi zake za zamani zibaki, mbili za nyuma kwa pamoja, kwa kuwa mpya moja na kuukuu moja huvuta gari upande, na linki mbili za mbele.

Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Mombasa. Kabla ya kufunga, fundi alizisimamisha shokomzoba wima, akazibonyeza mpaka chini na kuziachia, tena na tena, hewa iliyoingia wakati zimelazwa ipande juu. Akazitazama zikirudi zenyewe, mbili bega kwa bega, kama zinakwenda sawa. Zilikwenda sawa. Koleo haikugusa ile fimbo inayong'aa, maana mkwaruzo mmoja hukata sili na mafuta huanza kutoka ndani ya miezi michache.

Nati za bushi zilizolegezwa kupisha kazi alizishika kwa vidole tu, gari likiwa juu ya jeki. Akalishusha, akamwambia kijana akae ndani, akasukuma bodi mara kadhaa, ndipo akatambaa chini kuzikaza. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma chake. Ukiikaza gurudumu linaning'inia, gari likishuka raba huishi imejipinda na hupasuka mapema. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu kukaza chini ya gari lililosimama kunachosha na nafasi ni finyu. Alichubuka vifundo viwili vya mkono, hakusema kitu.

Walipita tena kwenye kishimo kile, gurudumu la kushoto peke yake. Kimya. Fundi alitoza ufundi na nauli ya mzigo, akamwagiza kijana apitie Malindi kupima alaimenti kabla ya kuteremka Mombasa, na akishafika azikague nati za juu za nyuma kwa spana ya mkono, si kwa mashine.