Kabla ya Kusifia Lori, Lala Chini Yake

Mwezi uliopita, kwenye yadi moja ya mbao pale Mafinga, nilikuta vijana wamezunguka tandamu ya Scania 124 iliyotoka gereji asubuhi hiyo. Rangi ya bluu ilikuwa bado inanuka. Taa za juu ya kabini zilitosha kumulika uwanja wa mpira, bampa limesuguliwa mpaka unajiona meno, turubai jipya, na mkiani maandishi ya dhahabu yenye sentensi tatu za kumjibu mbaya wake asiyetajwa jina. Kila mtu na simu yake anapiga picha. "Hii ndiyo kazi, mzee," kijana mmoja akaniambia. "Fundi wa hii hana mpinzani nyanda za juu zote." Nikainama, nikachungulia nyuma ya kabini, nikainuka. Sikusema neno, maana mwenye mali alikuwa pale pale anatabasamu, na hela ameshalipa. Lakini kunyamaza nako kuna mwisho.

Wasifiaji wote wana ugonjwa mmoja: wanalitazama lori wakiwa wamesimama. Lori halikaguliwi kwa kusimama. Ukiona mtu anakuambia gari fulani ni kali na magoti ya suruali yake ni safi, msikilize kama unavyosikiliza redio ya jirani.

Yasiyohitaji maneno mengi tuyapitie upesi. Injini kila mtu anajua kuisikiliza, na asiyejua ana shemeji anayejua. Iwashwe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu inakula oili. Mweusi mlimani kamwone fundi pampu na nozo. Tairi zinaonekana kwa macho. Giaboksi itasema yenyewe ukifika mlima wa Kitonga. Difu ikilia, hata mbuzi wa kando ya barabara wanageuka. Haya yote ni suala la pesa: injini inashushwa, inapandishwa nyingine, maisha yanaendelea. Chesesi iliyoanza kupasuka ni ndoa ya aina nyingine.

Sasa njoo nyuma ya kabini.

Kati ya bodi na chesesi pana boriti mbili, moja kila upande, zimelala kuanzia nyuma ya kabini mpaka mkiani. Bodi nzima imekaa juu yake. Tafuta ncha ya mbele ya boriti hiyo, uangalie imekatwaje. Kama imekatwa wima, na kona yake kali kama ya tofali, amka, jipanguse vumbi, nenda zako. Huhitaji kuona kingine, hata kama kabini ina kiyoyozi na kitanda cha manyoya.

Chesesi imetengenezwa ijisokote. Lori likiwa njia ya Ludewa wakati wa masika, tairi la mbele kushoto limezama shimoni na la nyuma kulia limepanda jiwe, chesesi inajipinda, na likitoka hapo inarudi mahali pake. Ndiyo kazi yake. Bodi haitaki kusokotwa. Ina nguzo, ina mageti, ina minyororo, na juu yake kuna viazi vya lumbesa au mbao zilizopangwa mpaka usawa wa nyaya za umeme. Pale bodi inapoishia na chesesi tupu inapoanzia, ugumu unakatika ghafla, na msokoto wote unakuja kukusanyika kwenye mstari mmoja. Boriti iliyokatwa wima inaukandamiza mstari huo huo katika kila shimo, kila tuta, kila daraja la magogo, kwa miaka.

Fundi anayejua kazi huichonga ncha ile kwa upande wa chini, mshazari, kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, ipungue taratibu hadi mbele kabisa ibaki nyembamba. Hapo chesesi inaachiwa mzigo kidogo kidogo, haishtuliwi. Tena huipeleka boriti mbele kadiri kabini inavyoruhusu. Anayeikata fupi ili kuokoa mbao amekuibia mara mbili. Na wanaojenga kwa chuma wasidhani wamesamehewa. Chaneli ya chuma iliyokatwa wima inauma chesesi kuliko mti, kwa kuwa mti angalau unabonyea.

Ukitaka kujua jinsi boriti inavyoishi na chesesi yake, chukua tochi umulike mdomo wa juu wa chesesi, chini kabisa ya ile ncha. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa umekatiza, boriti inauma. Ukiona unga mwekundu wa rangi ya kutu unatoka kwenye kiungo au kuzunguka bolti, hiyo si kutu ya mvua. Ni chuma kinasagana na chuma kwa kulegea. Ufuate mstari huo mpaka ukingoni mwa mdomo. Ufa huanzia pale, mwembamba kama unywele, na asiyezoea huudhani ni mkwaruzo wa rangi.

Kuna na jaribio. Pandisha tairi moja la mbele juu ya gogo, ulale tena chini. Kwenye bodi iliyojengwa na mtu, ile ncha ya mshazari inaachana na chesesi kiasi cha kupitisha kadi ya leseni, na lori likishuka inarudi kulala. Kwenye bodi iliyojengwa na mpaka rangi, hakuna kinachoachana. Utasikia tu mlio mkavu, kama mtu anavunja muwa, na bodi nzima inainama upande.

Niliyemwona akiifanya kazi hii kwa utulivu kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Makambako, Mbena wa maneno machache, ambaye siku hizi hajengi tena. Ukimpelekea lori alikuitikia "kamwene", basi, kisha akalizunguka na chaki sikioni. Randa ya umeme alikuwa nayo, ila ncha za boriti alizichonga kwa tezo, na akimaliza alipitisha kiganja chini ya mshazari akiwa amefumba macho. Akikuta kinundu, anarudia. Siku moja mfanyabiashara wa viazi alimjia juu: siku nzima mzee anahangaika na kipande kisichoonekana, na soko la Dar es Salaam halisubiri! Mzee akafuta tezo yake kwa kitambaa. "Lori lako hilo hapo, bosi. Lichukue. Siku likikatika utume mtu anifuate, nije nilitazame." Bosi akaketi kwenye ndoo ya grisi mpaka jioni.

Wajanja nao wana ufundi wao, na lazima niwape heshima yao. Mafinga imezungukwa na msitu wa Sao Hill, paina na mikaratusi mpaka macho yachoke, kwa hiyo wizi wa huku ni wa paina. Boriti inatakiwa iwe mkongo au mninga uliokauka vizuri kivulini. Mjanja anachukua paina mbichi, anailoweka kwenye oili chafu mpaka inakuwa nyeusi na nzito, anaipaka vumbi, na sasa ina sura ya mti uliozeeka kazini. Mmoja aliniapia kwa jina la mama yake kwamba ni mninga wa Tabora. Nikakwangua kwa ufunguo upande wa chini, ambako oili haikuingia vizuri, na harufu ya utomvu ikajaza gereji. Hakuona aibu. Alisema mninga wa siku hizi unanuka hivyo.

Wa pili ni mtu wa viraka. Chesesi imepasuka, anaiziba kwa pati, anaweka bamba juu, anachomelea mzunguko mzima, kisha anapiga chesesi yote rangi nyeusi ti. Lori la miaka ishirini lenye chesesi nyeusi mpya lina siri. Usiliulize, tafuta bamba. Bamba halali lina ncha zilizokatwa mshazari kwa sababu ile ile ya boriti, na limefungwa kwa bolti kwenye ubavu wa chesesi. Bamba la mjanja lina kona nne za mraba, na weldi imekatiza mdomo wa chesesi kutoka ukingo hadi ukingo. Atakayetoboa tundu kwenye mdomo huo ili afunge kishikio cha taa, huyo hata simwiti fundi.

Wa tatu anauza namba. Kwenye Scania za zamani namba ya ubavuni inasoma hivi: tarakimu ya mwisho ni kizazi, zinazotangulia ni lita za injini. 81 ni lita 8, 111 ni lita 11 za kizazi cha kwanza, 112 cha pili, 113 cha tatu, 124 ni lita 12 za kizazi cha nne. Beji ya 124 inauzwa dukani, inabandikwa kwenye 114, na bei inapanda kabla gundi haijakauka. Anayenunua gari kwa kusoma beji ananunua beji. Na yule aliyenisimulia juu ya 113 ambayo babu yake aliinunua mwaka 1975 nilimwacha amalize, ingawa kizazi cha tatu kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980.

Babu zetu walikuwa na magari mengine. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na Zambia ikakosa njia ya kusini, mafuta na shaba vikahamia barabara yetu hii ya kwenda Zambia. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, na Fiat zenye tela zikawa zinapita hapa usiku na mchana kwenye vumbi na tope, miaka mingi kabla reli ya TAZARA haijakabidhiwa mwaka 1976. Baadaye zikaja Scania zilizounganishwa kiwanda cha TAMCO, Kibaha, na Leyland ambazo dereva alizijua kila moja kwa mlio. Sisemi kila cha zamani kilikuwa kizuri. Bedford nyingine zilikuwa na breki za kuombea dua. Ninachosema ni kwamba barabara ile ilikuwa mtihani usiokubali rushwa: fundi mbovu aliumbuka masika moja tu, bodi ikarudi imelala upande, na Njombe nzima ikajua ni ya nani.

Lami imewaficha mafundi wa aina hiyo. Tangu Njombe mpaka Makete iwekwe lami, boriti ya wima inaweza kumaliza miaka mitano kabla haijadai haki yake, na ikifika hapo lori limeshauzwa mara mbili na aliyejenga ana gereji ya ghorofa. Hata kushuka Kitonga kumeharibika. Wazee walishuka kwa gia ile ile ambayo wangepandia. Leo simama chini ya mlima uvute pumzi, utanusa nani amejifunza wapi.

Kuna mambo mengine ambayo sitajadiliana na mtu. Lori lina rangi moja, na ya pili ni ya mistari tu. Maandishi ni mstari mmoja, nyuma, yasiyomsema mtu. Mbao za sakafu zinalala kwa urefu wa bodi, kamwe haziwekwi kwa kukatiza. Ndoano za minyororo ya geti zinatazama chini. Honi ni moja, ya upepo, na inapigwa konani. Lori lenye taa zaidi ya sita juu ya kabini halijatunzwa, na sihitaji kulilalia kulijua.

Ya mwisho ni yubolti zinazofunga boriti na chesesi. Kila mahali yubolti inapokaba, ndani ya mfereji wa chesesi pawepo kipande cha mti kilichobana, la sivyo ukikaza midomo ya chesesi inakunjana, na wewe unadhani bolti imeshika. Karibu na bomba la moshi kipande hicho kiwe cha chuma; nimeona bodi ikifuka moshi Igawa kwa sababu mtu alisahau. Zile bolti mbili za mbele kabisa ziwe na springi fupi chini ya nati, ili bodi ipumue chesesi inapojisokota, na hakuna bolti hata moja inayopaswa kugusa mpira wa breki. Mti mpya hunywea ukibeba mzigo, kwa hiyo bolti zote hulegea baada ya safari ya kwanza. Fundi asiyekuambia urudi azikaze tena, mlipe nusu.