Kupanda na Kulea

Yako maoni kwamba kila serikali ya mtaa ifungwe na sheria kufanya siku ya kupanda miti pamoja na watu wake kila mwaka. Fikira hii ni njema, na kwa kuwa ni njema yastahili kupimwa kabla ya kusifiwa. Maana sheria ni kama jahazi, uzima wake haujulikani mpaka itiwe majini. Natuipime Kipini, mahali mto Tana unapoingia baharini katika Ghuba ya Ungwana.

Kwanza tuitendee haki. Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka dola ifanye bidii miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Jambo kubwa hivyo halitimizwi kwa kutamani. Sheria ya siku ya miti yaweza kuilazimisha serikali kutenga fedha na kuandaa vitalu vya miche, na kumtoa mkubwa ofisini ashike jembe pamoja na raia. Manufaa hayo hayafai kudharauliwa.

Kasoro ya kwanza ni tarehe. Siku ya 13 Novemba 2023 Kenya nzima ilipewa mapumziko ili watu wapande miti, na shabaha ilikuwa miti milioni 100. Lakini mikoko ya Kipini haifuati kalenda ya ofisi. Mpandaji wake hungoja maji yapwe, naye hana budi kujua bamvua na maji mafu. Jirani zetu wa Tanzania waliliona jambo hili: mwaka 2000 siku yao ya taifa iliondolewa 1 Januari ikawekwa 1 Aprili, na baadaye mikoa ikaruhusiwa kuchagua siku kwa kufuata mvua zake.

Kasoro ya pili ni aina ya mti. Mlilana hukabili bahari, mkoko hushika kingo za vijito, na mkandaa hupenda tope la ndani. Anayechanganya makao yao hupanda kuni. Hatari kubwa zaidi yaonekana katika kaunti hiyohiyo ya Tana River. Katika miaka ya 1980 mathenge ulipandwa sehemu za Bura na Hola ili utoe kuni na kuzuia mchanga. Ulimea vizuri kupita matumaini ya waliouleta, ukaenea katika malisho na kingo za mto, na leo wafugaji na wakulima wanapigana nao. Waliopanda walikuwa na nia safi. Nia safi haikuuzuia mwiba kuchoma.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni hesabu. Huko Tanzania kila halmashauri iliagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Agizo la namna hii huhesabu kilichoingia ardhini, wala haliulizi kilichosimama baadaye. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mche wa mwembe uliotiwa udongoni leo, kesho waweza kuliwa na mbuzi. Na upande wa Ozi, ambako maji ya chumvi hupanda mtoni mto unapopungua nguvu, waweza kukauka hata ukilindwa na mbuzi wote. Katika taarifa ya mwaka, mche huo uliokufa huandikwa sawa na ulio hai.

Basi sheria isikataliwe, irekebishwe. Iwaachie wavuvi, wakulima na wafugaji wa kila mahali kuchagua siku na aina ya mti. Imtaje kwa cheo chake mtu atakayetunza miche baada ya umati kwenda zake. Tena iagize kwamba miezi 12 ikipita, miti iliyo hai ihesabiwe na hesabu isomwe barazani, mbele ya watu walioipanda.

Nawe mwanafunzi, ukutanapo na sheria yoyote, isome kwa maswali matatu: nani atatenda, atatenda lini, na nani ataulizwa isipotendeka? Sheria ya miti iliyozungumzwa hapa hujibu mawili ya kwanza kwa sauti kubwa. La tatu hulinyamazia, na katika ukimya huo ndimo miche inamokauka.