Stadi ya Tairi Ikikatika

Kabla hujatuma mtu dukani kununua stadi mpya, kitafute kwanza kipande kilichokatika. Mara nyingi kinabaki kimenasa ndani ya nati, na wengi hukitupa pamoja na nati yake. Fundi aliyeletewa Hilux ya kubeba nyanya kutoka Dumila alikichomoa, akakiosha kwa petroli na kukielekeza juani. Theluthi mbili za uso wa mkatiko zilikuwa laini, zimeshika kutu ya kahawia, zina mistari myembamba iliyojipinda mmoja ndani ya mwingine. Theluthi iliyobaki ilikuwa ya kijivu, ina chembechembe na inang'aa kama chuma kilichovunjwa asubuhi hiyo hiyo.

Dereva alikuwa anajilaumu. Alipata pancha tairi ya nyuma kushoto, akabadilisha, na wakati wa kukaza nati stadi moja ikakatika mkononi mwake. Aliamini ameikata yeye. Lakini uso ule unasema ufa ulikuwapo zamani, ukatembea kidogo kidogo kila gurudumu lilipozunguka, na kutu ikaingia humo. Siku ya pancha dereva alikata theluthi tu ya stadi. Ingekuwa imekatika kwa kukazwa kupita kiasi, mkatiko mzima ungekuwa mpya, na karibu nao stadi ingekuwa imevutika na kuwa nyembamba, meno yake yameachana kuliko kawaida.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi yote inayofuata. Stadi iliyokatwa na mkono mzito unaweza kuibadilisha peke yake. Iliyokatwa na ufa wa zamani ina wenzake watano kwenye habu ile ile, waliobeba mzigo ule ule kwenye barabara ile ile.

Watu wengi hudhani stadi hubeba gari kama msumari unavyobeba picha ukutani. Sivyo inavyofanya kazi. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana, na kwa kutaka kurudi inaubana uso wa rimu dhidi ya dramu na habu. Uzito wa gari, breki na kona hubebwa na msuguano wa nyuso hizo zilizobanwa. Stadi za Hilux ni sita, za M12 zenye hatua ya milimita 1.5, na zikikazwa kwa Nm 110 hivi kila moja inabana kwa takriban tani nne na nusu. Jumla ni tani 27. Mbano huo ukiwepo, stadi haisikii sana mzunguko wa gurudumu. Mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza, na kila mzunguko stadi inapinda na kurudi, mara maelfu kwa kila safari. Ufa huanzia hapo, kwa kawaida kwenye bonde la jino la kwanza karibu na habu.

Kwa nini mbano ulipungua kwenye gari hili? Fundi alinionyesha rimu. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, nene, hadi upande wa nyuma unaokaa kwenye dramu na ndani ya viti vya nati. Rangi hiyo nati inaibana siku ya kwanza, kisha inasagika na kutoka kwa joto la breki, na unene wake ukipotea mvuto wa stadi nao unapotea. Kuzunguka matundu mawili palikuwa na michirizi myekundu ya vumbi la kutu, ikitoka kwenye nati kwenda nje. Michirizi hiyo ni dalili ya rimu inayocheza. Dereva yeyote anaweza kuiona kwa macho akizunguka gari lake asubuhi, na ingeonekana hapa wiki nyingi kabla ya pancha.

Lipo pia suala la kukaza kwa miguu. Mtu wa kilo 75 akisimama mwisho wa wili spana ya sentimita 45 anatoa zaidi ya Nm 330, yaani mara tatu ya inayotakiwa. Stadi ya daraja la 10.9 yenye unene huu huanza kuvutika bila kurudi kwenye tani nane na kitu. Kutu kwenye meno hula sehemu ya nguvu ya mguu, ndiyo maana stadi nyingi hazikatiki papo hapo, lakini iliyokwisha kupita kiwango hicho haina tena nguvu ya kubana kama mwanzo. Nati inalegea yenyewe, mwenye gari anaikaza tena kwa mguu, na hali inazidi kuwa mbaya. Kupaka grisi kwenye meno ili nati isishike kutu kunaongeza tatizo, kwa kuwa kwa kipimo kile kile cha spana stadi iliyolainishwa inavutwa zaidi sana kuliko kavu.

Pale gereji palikuwa na ushauri wa haraka: chukua bolti, ipitishe tundu la habu, ichomelee kwa nyuma, gari liondoke kabla ya jua kuzama. Fundi alikataa, na nadhani hapa ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko kupiga nyundo. Stadi imepata uimara wake kwa kupashwa moto na kupoozwa kwa utaratibu kiwandani. Moto wa kuchomelea unaufuta uimara huo mahali pale pale stadi inapoelemewa zaidi, na unaweza kuiharibu sili na beringi iliyo karibu. Bolti ya dukani isiyo na alama ya daraja kichwani nayo ni kubahatisha uhai wa watu walio kwenye gari na walio barabarani.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Magurudumu mengine yalizuiwa kwa mawe, hendibreki ikaachiwa, gari likakaa juu ya stendi. Dramu ilikuwa imeshikwa na kutu, na hapo wengi huipiga mpaka ukingo wake unapasuka. Dramu za Toyota zina matundu mawili madogo yenye meno ya bolti za milimita 8. Ukikaza bolti mbili humo kwa zamu, dramu inasukumwa nje yenyewe. Kisha ekseli ilizungushwa hadi stadi mbovu ikaelekea mahali penye nafasi ya kutosha nyuma ya flenji, mbali na breki shuu, ikapigwa kwa panchi mapigo machache mazito na kutoka. Kwa magurudumu ya mbele ya Hilux mpya, ambayo beringi na habu ni kitu kimoja, nyundo si ya kukimbilia: mapigo yanaacha alama ndani ya beringi, nayo itaanza kulia baada ya muda.

Zote sita zilitolewa. Mwenye gari aliuliza kwa nini anunue sita wakati iliyokatika ni moja, na fundi akamwonyesha ya pili: ukiikuna kwa kucha chini ya jino la kwanza, ufa ulishika kucha. Dukani fundi alikwenda na ya zamani mkononi pamoja na vernia, maana zipo stadi zenye meno yale yale ila sehemu ya vijino vinavyong'ata habu ina kipenyo tofauti kidogo tu. Ikiwa nyembamba itazunguka na nati siku ya pancha ijayo.

Stadi mpya huvutwa ndani, hazipigwi. Fundi alilinganisha vijino na mifereji ya habu kwa nyuma, akapanga washa nene kwa mbele, akapaka grisi kati ya washa hizo, akageuza nati ya zamani upande wake bapa na kukaza hadi kichwa kikakaa kabisa. Alipapasa kila kichwa kwa kidole kutafuta uwazi. Nati hiyo ilitupwa baada ya kazi.

Rangi ilikwanguliwa kwenye rimu hadi chuma cheupe, nati zikakazwa kwa msalaba, kwanza tairi ikiwa juu, kisha chini kwa spana ya kipimo. Jambo moja kwa wanaofanya pia kazi za malori: Canter na Isuzu nyingi za zamani zina nati za upande wa kushoto zinazofunguka kwa kuzungushwa kulia, na stadi zake huandikwa herufi L kwenye ncha. Fundi aliyezoea pikapu huzikata akidhani anazifungua.

Gari lilirudi baada ya safari ya kwenda Dumila na kurudi, bila kupitisha kilomita 150. Nati mbili zilisogea kidogo kabla spana haijalia, zile zilizo karibu na mahali ambapo mabaki ya rangi yalibaki kwenye ukingo wa tundu. Nne hazikusogea. Fundi aliikwangua ile rangi, akakaza tena, na kumwambia dereva apitie tena baada ya mzigo unaofuata.