Ukimya wa Kifaa cha Tatu

Matangazo ya vishikwambi vya wino yana tabia ambayo ni nadra kuiona katika biashara: yanakisifu kifaa kwa mambo kisiyoyaweza. Hakiperuzi mtandaoni. Hakipokei ujumbe. Hakichezi video. Aina nyingi hazina hata rangi. Muuzaji wa redio pale Kariakoo akikwambia redio yake haishiki stesheni tatu kati ya tano, utamwacha hapohapo uende duka la pili. Lakini kampuni ya reMarkable ya Oslo, Norway, imejenga biashara juu ya sentensi za namna hiyo tangu ilipoanza kuwafikishia wateja kibao chake cha kwanza mwaka 2017, na wateja wamekubali. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na mahali popote maandishi yanaposifu upungufu huwa nayasoma mara mbili.

Swali linalozungumzwa hapa ni la kila siku. Mwanafunzi wa uzamili amepata hela kidogo, anataka kifaa cha kusomea PDF na kuandikia kwa mkono. Achukue kishikwambi cha wino, au cha kawaida, iPad au Samsung yenye kalamu? Bei haimsaidii. Kindle Scribe ya Amazon ilipotoka mwaka 2022 ilianzia karibu dola 340. Galaxy Tab S6 Lite ya Samsung, iliyotoka 2020 na kalamu ndani ya boksi, iliuzwa karibu dola 350. Kwa pesa ileile kimoja kinakupa dunia nzima na kingine kinakupa ukurasa. (Apple wao walichelewa. Steve Jobs aliicheka kalamu hadharani alipoonyesha iPhone mwaka 2007. Mwaka 2015 kampuni yake ikatoa kalamu, na kuiuza peke yake, dola 99.)

Wino wenyewe si porojo za biashara. Teknolojia hii ilitoka kwa watu wa maabara ya MIT kule Marekani walioanzisha kampuni ya E Ink mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo sana, upana wake kama wa unywele, vilivyojaa kimiminika chenye chembe nyeupe na nyeusi. Chembe hizo zina chaji tofauti. Umeme ukipita, nyeusi hupanda na nyeupe hushuka, au kinyume chake, na zikishakaa mahali pake zinabaki hapo bila msaada. Umeme unahitajika kuubadili ukurasa, hauhitajiki kuushikilia. Ndiyo sababu betri hudumu siku nyingi, na ndiyo sababu ukifungua ukurasa mwingine kioo hupepesa kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Nyuma ya maandishi hakuna taa. Unasoma kwa mwanga wa mahali ulipo, kama unavyosoma gazeti.

Kishikwambi cha kawaida kimetufikia kwa njia nyingine. Wengi wetu Tanzania tulilizoea neno hilo wakati wa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mkononi. Baadaye serikali ikavigawa kwa walimu. Kwa hiyo kina sura mbili kwa wakati mmoja. Ni kifaa cha kazi ya umma, na ni kile ambacho mtoto wa dada yako anakililia ili aangalie katuni.

Muhula uliopita niliandikia vyote viwili. Cha wino nilikiazima kwa rafiki aliyeajiriwa, cha kawaida kilikuwa cha nyumbani. Chapa sitazitaja, maana sikuwa nazichunguza chapa. Nilitaka kujua kama ahadi ya matangazo inasimama.

Ahadi hiyo ni umakini. Picha za matangazo zinafanana: meza safi ya mbao, dirisha, pengine kikombe, mkono unaandika. Hakuna mtu wa pili. Nilizitazama kama tunavyofundishwa kutazama mandhari ya riwaya, nikijiuliza mwandishi ameacha nini nje, na nadhani kilichoachwa nje ni begi. Ndani ya begi la mtu yule mna kompyuta mpakato na simu. Lazima ziwemo, kwa sababu kibao kile hakiwezi kupokea barua pepe ya msimamizi, kujaza fomu kwenye mfumo wa usajili wa chuo, kulipia ada, wala kufungua faili la Word lenye masahihisho ya pembeni likaonekana kama lilivyotumwa. Ukimya wake unawezekana kwa kuwa kelele zote zimepangishwa kwenye vifaa vingine viwili. Ni kifaa cha tatu. Matangazo yanakiita urahisi, kumbe urahisi huo una masharti: uwe na viwili kwanza.

Kuna mwenzangu darasani aliyeandika pendekezo lake la utafiti lote kwenye simu, kwa dole gumba, kisha akamlipa kijana wa steshenari ampangie kurasa. Mtu huyo ukimwambia anunue kifaa kinachomwondolea usumbufu, unamwambia nini hasa? Makala anazosoma zinakuja kwenye grupu la darasa la WhatsApp. Taarifa kwamba kipindi kimehamishiwa chumba kingine inakuja hukohuko, katikati ya utani na maombi ya michango ya harusi. Huwezi kulichuja grupu lile ukabaki na elimu tupu. Kinachokatiza kazi yake na kinachomletea kazi hiyo vinapita mlango mmoja. Kwake yeye kishikwambi cha kawaida, chenye kibodi ya kuchomeka, ndiyo kompyuta. Hana la kuchagua, na uhakiki wowote unaojifanya ana uchaguzi ni wa watu wenye mabegi.

Watetezi wa mwandiko wa mkono hupenda kukimbilia sayansi. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa: wanafunzi walioandika noti kwa kompyuta walielekea kunakili maneno ya mhadhiri kama yalivyo, na kwenye maswali ya kuelewa walifanya vibaya kuliko walioandika kwa mkono. Utafiti huo unatajwa kila mahali. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka 2019 Kayla Morehead na wenzake waliurudia, wakaongeza kundi lililotumia vibao vya kielektroniki vya kuandikia na kundi ambalo halikuandika noti kabisa. Tofauti kati ya makundi hazikuwa thabiti, hata kwa wale ambao hawakuandika neno. Sisemi mkono hauna faida. Nasema mtu asitoe dola 340 akidhani ananunua matokeo ya maabara.

Na tukirudi nyuma zaidi, pwani hii ina kibao chake cha kale. Watoto wa vyuoni waliandikiwa aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi, wakahifadhi, ubao ukaoshwa, wakaandika tena. Kifaa cha kazi moja, kisicho na taa, kinachofutika. Kampuni yoyote ya leo ingejivunia maelezo hayo. Ila ubao ule haukuishi kwenye meza tulivu karibu na dirisha. Uliishi katikati ya watoto wengi, kila mmoja akisoma kwa sauti aya yake, na mwalimu akisikia kosa la yule wa mwisho kabisa. Watu wakahifadhi msahafu mzima katika kelele hizo. Mtu anayeniambia kwamba akili haifanyi kazi bila ukimya ana mengi ya kueleza kuhusu chuo.

Sasa nije kwenye kile ambacho kishikwambi cha wino kinakifanya kwa kweli, na ambacho kwa maoni yangu kinatosha kukinunua: jua. Saa sita mchana, nje ya maktaba, kwenye benchi lililokosa kivuli, kishikwambi cha kawaida kinageuka kioo cha kujitazamia. Unaiona paji la uso wako, unayaona matawi na anga, aya huioni. Unaongeza mwanga hadi mwisho, betri inayeyuka, na bado unakodoa. Kile cha wino kinafanya kinyume: jua likizidi, herufi zinakolea. Nimesoma makala nzima ya kurasa 30, skani mbaya ya jarida la zamani, nikiwa barazani saa nane mchana, na macho hayakuniuma. Nimesoma kwenye daladala upande wa dirisha. Umeme ulipokatika tangu asubuhi mpaka jioni sikujua, maana sikuwa nimekichaji tangu Jumapili. Hiki ni kifaa cha nchi zenye jua. Ajabu ni kwamba walau kimoja kinachojulikana sana kimebuniwa Oslo, ambako majira ya baridi mchana ni mfupi mno, na kinauzwa kwa habari za umakini. Hata tangazo moja sijaliona linalomwonyesha mtu ameketi juani.

Jua hilohilo lina upande wa pili. Dar es Salaam linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Hatuna zile jioni ndefu za majira ya joto za Ulaya. Wengi wa wanaosoma uzamili wanafanya kazi mchana na kusoma usiku. Kwao kifaa kisichotoa mwanga, kama reMarkable 2 ya mwaka 2020, kinahitaji taa ya mezani, na taa ya mezani inahitaji umeme uleule tuliodhani tumeukwepa. Kampuni nazo zimeliona hilo: Kindle Scribe ilikuja na taa, na reMarkable Paper Pro ya mwaka 2024 ikaja na taa na rangi. Orodha ya sifa za kukosa inapungua kila toleo. Sijui watasifu nini ikiisha.

Rangi si pambo kwetu. Msimamizi wangu husahihisha kwa nyekundu na kijani. Nyekundu ni kosa, kijani ni swali, na kuna umbali mkubwa kati ya hivyo viwili: kosa unalirekebisha usiku huohuo, swali unaweza kulijibu kwa kutetea ulichoandika. Kwenye kishikwambi cha wino kisicho na rangi vyote vilikuwa kijivu. Nilisoma sura yangu ya pili nikiwa na hisia kwamba nimekosea kila mahali. Nilipoifungua kwenye kile cha kawaida nikakuta theluthi nzima ni maswali, mengine ya kirafiki kabisa. Kwa wiki mbili baada ya hapo nilisomea makala kwenye cha wino na masahihisho kwenye cha rangi, jambo ambalo mtu mwenye kifaa kimoja asingeliweza.

Tena kuna uwandani. Anayetafiti fasihi simulizi anahitaji kurekodi sauti ya bibi anayesimulia, na kupiga picha ya kinu anachokitaja. Kishikwambi cha kawaida kinafanya yote. Lakini ukikiweka katikati yenu, mazungumzo yanabadilika. Msimulizi anakaa sawa, anatengeneza kanga, anasema Kiswahili cha redio. Kibao cha wino kinaonekana kama daftari na watu wanakichukulia hivyo. Simu ikawekwa chini pembeni inarekodi, baada ya kuomba ruhusa, na mimi naandika. Mpangilio huo ulinifaa kuliko wowote, na tazama: tumerudi kwenye vifaa viwili.

Faida moja sikuitarajia. Kishikwambi cha wino hakuna anayekiazima. Nyumbani kwetu kifaa chenye rangi ni cha ukoo. Mjomba akija anataka kuangalia matokeo ya mpira, mdogo wangu ana kazi ya shule ambayo kwa miujiza inahitaji YouTube. Cha wino walikishika mara moja, wakakigeuza huku na huku, wakaniuliza kama kimeharibika, wakanirudishia. Mtu mzima anayeishi na familia hapati mahali pengi pa kuandika sentensi mbovu bila mtu kuchungulia, na kwa hilo nilikipenda kweli.

Kuhusu ada, sitakaa sana. Tangu 2021 reMarkable ina huduma ya kulipia kila mwezi kwa baadhi ya mambo ya kuhifadhi faili mtandaoni. Daftari la kaunta buku halijawahi kunidai kodi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeniuliza huanza na swali jingine: una kompyuta? Kama huna, usinunue chochote kati ya hivi viwili kabla hujatafuta mpakato iliyotumika, na ikishindikana chukua kishikwambi cha kawaida chenye kibodi, mdogo wako umwekee nywila. Kama unayo na simu yako ni nzuri, kishikwambi cha kawaida kitakuwa simu yako ileile iliyokuzwa, umeinunua mara ya pili. Hapo cha wino ndicho kitakupa kitu usichonacho: ukurasa mpana unaosomeka juani, usioombwa na mtu. Ukiwa unasoma usiku, hakikisha kina taa. Msimamizi wako akisahihisha kwa rangi, muulize kama anaweza kuanza kuandika "swali" na "kosa" kwa maneno.

Wangu nilimuuliza. Alicheka, akasema atajaribu, na sura ya tatu imerudi juzi ina nyekundu, kijani na zambarau.