Ngoma ya Kasri Baada ya Kasri: Baleti na Bigwala ya Busoga

Historia ya baleti husimuliwa aghalabu kama historia ya ustadi wa mwili, hadi Marie Taglioni alipocheza juu ya ncha za vidole katika La Sylphide mwaka 1832. Masimulizi hayo hufunika suala lenye uzito zaidi kwa watunga sera wa Afrika Mashariki: nani huilea ngoma ya kifalme mfalme akiondoka?

Baleti ilizaliwa katika makasri ya Italia na Ufaransa. Mwaka 1661 Louis XIV aliianzishia chuo. Shule ya Opera ya Paris ikafuata mwaka 1713. Mapinduzi ya 1789 yaliuangusha ufalme, lakini shule ilisalia. Urusi nayo ilimpoteza mfalme wake mwaka 1917, ila serikali mpya iliurithi ukumbi, walimu na mishahara yao. Kilichoinusuru baleti, basi, ni taasisi; uzuri wake peke yake usingetosha.

Mpumudde, mtaa wa Jinja alikofia Omukama Kabalega mwaka 1923 akirejea kutoka uhamishoni Shelisheli, unakumbusha kwamba enzi hupita. Huko Busoga, bigwala ilipigwa katika sherehe na mazishi ya wafalme. Kama siwa za Lamu na Pate, baragumu zake zilikuwa alama ya utawala. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, ngoma hii haikuwa na shule ya kuipokea. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka, wakiwa wamebaki mafundi wazee wanne tu.

Udhaifu huo una sababu ya kiufundi pia. Kila baragumu ya kibuyu hutoa sauti moja. Wimbo hukamilika wapigaji watano au zaidi wanapopokezana. Akikosekana mmoja, wimbo unatoboka. Kwa hiyo kumfadhili msanii mmoja mmoja hakufai kitu.

Jibu lililozoeleka tangu miaka ya 1960, kupitia kikundi cha taifa cha Heartbeat of Africa, lilikuwa kuzipeleka ngoma jukwaani. Njia hiyo ilizipa heshima na hadhira, lakini ina kasoro. Wachezaji wa bigwala huzunguka wapigaji kwa duara. Jukwaa linalotazamwa kutoka upande mmoja hulivunja duara hilo na kuwageuza washiriki kuwa watazamaji. Tofauti na hali hiyo, ngoma za imbalu huko Mbale zinadumu bila jukwaa wala kasri, kwa kuwa tohara ya kila mwaka wa shufwa huziita upya, na mwenyewe ni ukoo.

Mifano hii miwili inaelekeza sera moja. Bigwala haihitaji kuigwa kwa baleti. Inahitaji kile ambacho baleti ilipewa: walimu wanaolipwa, vijana wanaofunzwa kwa vikundi, mashamba ya vibuyu, na hafla za kudumu za kuichezea. Kuiorodhesha bila hayo ni kuiandalia tanzia.